Shajara ya dirisha la magharibi

4 Oktoba

Leo nimemlipa mteja kitenge cha yadi sita. Alikiacha kwangu wiki tatu zilizopita, nikakikunja na kukiweka kwenye rafu inayotazamana na dirisha, kikisubiri zamu yake. Asubuhi nimekifungua nikikate, nikakuta kunjo lililoelekea dirishani limepauka toka mwanzo hadi mwisho. Bluu imekuwa ya shati lililofuliwa mwaka mzima. Nimemwambia ukweli. Hakugomba, amechagua kingine dukani nami nimelipa. Lakini imeniuma, kwa sababu mtu akikuletea kitambaa amekuachia amana.

Ndiyo maana nimeanza daftari hili. Nyumba yetu ipo Magomeni, Mtwara mjini. Chumba cha mbele ndicho ofisi yangu ya kushonea: vyerehani viwili, meza ya kukatia, pasi na rafu. Tulipojenga, barabara ilikuwa upande wa magharibi, basi dirisha kubwa tukaliweka huko ili wapita njia waone nguo. Upana wake ni mita 1.5 na kimo mita 1.2, alumini ya kusukuma, kioo cheupe cha kawaida. Juu yake kuna vioo viwili vidogo visivyofunguka. Kuanzia saa 9 alasiri jua linaingia mzima mzima, na ikifika saa 10 hakushoneki. Jasho linadondokea kitambaa.

Minada ya korosho ikianza, watu wanapata hela na harusi zinafuatana. Miezi mitatu hii ndiyo inayolisha nyumba yangu, na ndiyo miezi ya joto. Kila niliyemuuliza ananiambia weka tinti, ile plastiki nyembamba inayobandikwa kwenye kioo. Inawezekana ni kweli. Ila kabla sijatoa hela nataka kujua joto linapita wapi.

7 Oktoba

Nimenunua vipimajoto viwili vya ukutani. Kimoja nimekitundika ofisini, usawa wa kichwa changu nikiwa nimekaa, upande ambao jua haliufikii. Cha pili kipo nje, chini ya mwembe wa jirani. Kipimajoto kikipigwa na jua kinapima jua lenyewe, hakipimi hewa, kwa hiyo nimehangaika kupata mahali pa kivuli kutwa nzima. Nitaandika mara nne kwa siku.

12 Oktoba

Siku tano zimetimia, na namba zinakaribiana sana siku hadi siku. Saa 1 asubuhi ofisini nyuzi 26, nje 25. Saa 6 mchana ndani 30, nje 30. Saa 10 alasiri ndani 34, nje kivulini 31. Saa 2 usiku ndani bado 31, wakati nje imeshashuka hadi 27.

Kwa hiyo hadi adhuhuri chumba changu kinakwenda sawa na hali ya hewa. Kinachokiharibu ni alasiri, na kile kinachoingia alasiri kinabaki ukutani na sakafuni mpaka usiku.

Jana nilikihamishia kipimajoto cha ndani chumbani kwa Mama. Chumba chake kinatazama mashariki na dirisha lake halina jua kabisa baada ya saa 5. Nilitegemea kukuta nafuu. Saa 10 kilisoma 33. Nikapanda kwenye stuli nikaweka kiganja darini, nikakitoa upesi. Dari lilikuwa la moto kama mlango wa gari lililoegeshwa juani. Juu ya ubao ule kuna bati jekundu ambalo limepigwa na jua tangu asubuhi. Bati la namna hiyo linaweza kupita nyuzi 60, na hewa iliyo kati yake na dari haina pa kutokea kwa sababu tuliziba kila tundu tukiogopa popo.

Nilipomweleza Mama akanitazama tu. "Mwanangu, mimi nakwambia kila siku joto linanishukia kutoka juu. Ulidhani nasema mafumbo?"

Mama ana presha. Joto la mchana linamlegeza, hali chakula, na mimi mwaka mzima nimekuwa nikimfungulia dirisha na kumwambia litapoa. Hili la dari nimelizungushia duara jekundu. Chumba chake kimetoka kwenye hesabu ya tinti. Hata ningebandika tinti ghali kuliko zote, isingegusa kinachomwumiza.

15 Oktoba

Nimekwenda kwa fundi wa vioo karibu na soko kuu. Ni kijana mtaratibu, alinipa kiti kivulini akanitolea vipande vitatu.

Cha kwanza ni nyeusi ya rangi tupu, ileile inayobandikwa kwenye bajaji. Ni plastiki ya poliesta iliyotiwa rangi. Inapunguza mwanga sana na joto kidogo, kwa sababu inalimeza jua badala ya kulirudisha. Kioo kinapata moto, na sehemu ya moto ule inaishia ndani. Rangi yenyewe nayo haistahimili jua, baada ya muda inageuka zambarau. Cha pili ni ya fedha. Ina tabaka jembamba mno la madini, mara nyingi alumini, na inalirudisha jua nje kama kioo cha kujitazamia. Cha tatu wanakiita seramiki. Ukikitazama unaona karibu kioo kitupu, na bei yake ni mara tatu ya ya fedha.

Kuonyesha ubora wa hiyo ya tatu ana taa ya joto. Unaweka kiganja nyuma ya kioo kitupu, unaungua. Unaweka nyuma ya seramiki, husikii kitu. "Inazuia asilimia 99, dada." Niliamini kwa mkono wangu.

Jioni nilimsimulia mdogo wangu, anafundisha fizikia sekondari. Akauliza, "Asilimia 99 ya nini, Dada?" Ndipo nikapata somo ambalo naona kila anayetaka tinti angepewa kwanza. Nguvu ya jua inayofika kwetu, nusu yake hivi ni miale ya joto isiyoonekana kwa jicho. Karibu nusu nyingine ni mwanga huu tunaouona. Urujuanimno, yaani miale ya UV ambayo nayo haionekani, ni asilimia chache tu. Ile taa ya fundi inatoa zaidi miale ya joto, na seramiki inaiua kweli. Lakini mwanga nao ukigonga sakafu, meza na kitambaa unageuka joto. Tinti inayozuia miale yote ya joto na kupitisha mwanga wote bado imeliacha karibu nusu ya jua liingie. Kwa hiyo namba ya kuuliza dukani ni ile ya nguvu yote ya jua inayozuiwa. Kwenye karatasi ya maelezo huandikwa kando na hizo nyingine, na huwa ndogo kuliko 99.

Kuhusu kitenge changu, mkosaji mkubwa ni urujuanimno. Kioo cha kawaida kinazuia ule mkali unaounguza ngozi, lakini ule mwingine unapita kwa wingi, na ndio unaokula rangi. Hapo tinti nzuri ya aina yoyote, hata nyeupe kabisa, inazuia karibu wote. Mwanga wa kawaida nao unapausha, polepole zaidi. Basi tinti itachelewesha kupauka, haitazuia kabisa.

19 Oktoba

Jumapili ya hesabu. Mdogo wangu amekaa mezani kwangu na kalamu. Dirisha langu lina mita za mraba 1.8. Alasiri isiyo na mawingu, ukuta unaotazama magharibi unapata kama wati 600 hadi 700 kwa kila mita ya mraba. Kioo cheupe kinapitisha zaidi ya asilimia 80 ya hizo. Jumla inayoingia chumbani ni karibu wati 1,000.

Akanyanyua pasi yangu akaigeuza nisome maandishi ya nyuma. Wati 1,000.

Kwa hiyo kila alasiri jua linaniwashia pasi ya pili chumbani, haizimwi hadi magharibi. Mimi fundi cherehani, joto la pasi nalijua, sihitaji kipimajoto kuniambia. Na papo hapo nikaona jambo ambalo tinti haihusiki nalo hata chembe: kazi yote ya kunyoosha naifanya alasiri, saa ileile ya jua. Pasi mbili kwa pamoja. Kuanzia kesho nanyoosha kuanzia saa 12 hadi saa 2 asubuhi, nguo zikisubiri kwenye hanga.

20 Oktoba

Saa 6 na dakika chache mchana nimesimamisha fimbo uani. Haikuwa na kivuli. Mtwara tupo nyuzi 10 na robo kusini mwa ikweta, na siku hizi jua linapita utosini kwetu likielekea kusini. Litarudi utosini Februari, tarehe 22 hivi. Adhuhuri ya leo madirisha yote ya nyumba hayakuguswa na jua, paa lilibeba lote.

26 Oktoba

Wiki ya kunyoosha asubuhi imeshusha kipimo cha saa 10 kutoka 34 hadi 33, bila kutumia shilingi. Nilitegemea zaidi, lakini nimeipokea.

Leo nimepima jambo lililokuwa likinisumbua: je, saa za jua dirisha langu huwa limefungwa au wazi? Nilijua jibu, sikuwa nimelitilia maanani. Liko wazi. Sina kiyoyozi, nina pangaboi tu, na upepo ndio unaoniweka hai. Kusi inaingia kwa dirisha dogo la kusini na kutokea kwa hili la magharibi. Kaskazi ikianza, itaingia kwa mlango wa uani na kutokea hapohapo magharibi. Dirisha la magharibi haliingizi upepo, ila ndilo linaloutoa, na upepo usipokuwa na pa kutokea hauingii. Nimelifunga kwa nusu saa nijaribu: pazia la kusini lilining'inia kama limelala.

Sasa, madirisha ya alumini ya kusukuma yanafunguka nusu. Nusu ina kioo mbele ya kioo kingine, nusu ni tundu lenye wavu wa mbu. Nikiweka tinti, jua la ile nusu ya tundu linaingia vilevile. Na ile nusu yenye vioo viwili vilivyolaliana, fundi aliniambia bila kuulizwa kwamba haipendi: tinti ikinasa joto katikati ya vioo, kioo kinaweza kupasuka, hasa kama kingo zake zilikatwa vibaya au sehemu yake ipo kivulini na sehemu juani. Tena brashi ya fremu ikipita juu ya tinti kila ukisukuma, inaikwaruza. Nimemheshimu sana kwa maneno hayo, maana yalikuwa yanamkosesha kazi.

Upenu wetu unatokeza sentimita 60. Saa 10 leo nimepima kivuli chake ukutani kwa futi kamba: kimeshuka kama sentimita 40, kikaishia kwenye vile vioo vidogo vya juu. Dirisha lenyewe liko uchi. Jua la magharibi linakuja limelala, upenu haulifikii. Ningeongeza upenu hadi zaidi ya mita mbili ndipo lingefunikwa saa hiyo, na saa 11 lingepita tena chini yake.

27 Oktoba

Jaribio la vitambaa. Nimekata ukanda mmoja wa kitenge chekundu na bluu, nikaugawa vipande vinne. Kimoja nimekibandika kwa gundi ya karatasi nyuma ya kioo kitupu. Kingine nyuma ya kioo chenye kipande cha tinti ya fedha alichonipa fundi. Cha tatu nitakiweka nyuma ya kivuli cha nje nikishakitengeneza. Cha nne kipo ndani ya kabati, mlango umefungwa. Tarehe nimeiandika nyuma ya kila kimoja.

9 Novemba

Sitaandika mengi, kazi zimejaa. Sare za unyago za nyumba moja, magauni ya harusi ya nyumba nyingine.

Jirani amenishawishi nijaribu ile nyeusi kwenye kioo kimoja cha dirisha kwa wiki moja, akisema kwake imeleta baridi. Nimeijaribu. Chumba kilionekana cha baridi, kwa sababu giza linadanganya mwili. Kipimajoto kilishuka kwa chini ya nyuzi moja. Na mimi sikuweza kutunga uzi kuanzia saa 9. Nikawasha taa mchana kweupe, nikakaa karibu na cherehani hadi shingo ikauma. Kwa kazi yangu mwanga ni chombo kama mkasi. Nilipogusa kioo chenyewe saa 10, kilikuwa cha moto kuliko kioo cha pembeni yake kisicho na kitu. Nimeibandua kwa wembe na maji ya sabuni. Gundi iliyobaki imenichukua jioni nzima.

16 Novemba

Leo nimeona tinti mahali inapostahili. Kaka mmoja ana duka la dawa, sehemu ya mbele yote ni kioo kisichofunguka na inatazama magharibi kama yangu. Dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, hivyo kiyoyozi chake kinafanya kazi toka asubuhi. Ameweka tinti ya fedha mwaka jana.

"Dada, mimi dirisha silifungui hata siku moja. Kila ninachokizuia nje ni uniti ninazobakiza."

Nilifanya hesabu njiani nikirudi. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kikifanya kazi kwa nguvu kinakula kama uniti moja kwa saa. Saa sita kwa siku ni uniti sita, na uniti moja ya LUKU, kodi zikiwemo, nainunua kwa shilingi 356 hivi. Hiyo ni zaidi ya shilingi 2,100 kwa siku, zaidi ya 55,000 kwa mwezi wa siku 26 za kazi. Mwenye bili hiyo, tinti ikimpunguzia hata robo, hela yake inarudi. Mimi mwenye pangaboi na dirisha wazi, ingerudi kutoka wapi?

Jambo moja alinitahadharisha. Mchana mtu wa nje haoni ndani, anajiona mwenyewe. Usiku taa ikiwaka ndani inageuka: wa nje anaona kila kitu, wewe huoni nje. Nami nashona hadi saa 4 usiku msimu huu. Pazia ningelihitaji vilevile.

22 Novemba

Kivuli cha nje. Wazo limetoka kwa Mama, nami nimelitia vipimo tu.

Mama alizaliwa Mikindani. Ananisimulia nyumba za mawe ya matumbawe alizokulia karibu nazo, kuta nene kama urefu wa mkono, na madirisha ya mbao. "Jua likija upande huu unalirudisha dirisha, unaacha upenyo. Upepo unapita, jua linabaki nje. Hakukuwa na kioo cha kupikia watu." Nimelifikiria sana neno hilo. Jua likishapita kioo, limeshafika. Pazia la ndani linalipokea likiwa tayari chumbani, linapata moto, na moto unabaki humuhumu. Likizuiwa nje, kinachopata moto kinapozwa na upepo wa barabarani.

Nilichagua kati ya makuti na ile neti nyeusi ya kivuli inayotumika kwenye vitalu vya miche ya mikorosho. Makuti yanapendeza na ni rahisi, lakini yanaficha ofisi yangu kabisa na siku za mvua yanadondosha uchafu kwenye nguo. Nimechukua neti. Fundi seremala ametengeneza fremu ya mbao ya mita 2 kwa 1.6, nikaishona neti kwa uzi wa nailoni mara mbili kwenye kingo zote ili upepo usiichane. Fremu inaning'inia kwenye bawaba chini ya upenu, imesimama sentimita 50 mbele ya ukuta. Nafasi hiyo ndiyo siri ya kazi. Ikigusa ukuta, joto lake linaingia, na upepo wa kutokea unazibwa. Asubuhi naikunja juu kama kifuniko cha genge, nguo zinaonekana. Saa 8 mchana naishusha.

Neti, mbao, bawaba na ufundi vimegharimu shilingi 46,000. Tinti ya fedha kwa madirisha ya nyumba nzima nilitajiwa shilingi 420,000.

30 Novemba

Wiki nzima ya neti, dirisha likiwa wazi: saa 10 ndani 31 na nusu kwa wastani, nje 31. Kaskazi imeanza, nje kumepanda unyevu na mwili unanata, lakini tofauti ya ndani na nje imekuwa nusu nyuzi. Mwezi uliopita ilikuwa nyuzi tatu. Saa 2 usiku ndani 29. Nimeiandika namba hii mara mbili kwa furaha.

Mwanga unatosha kushona bila taa hadi saa 11 na nusu. Ule mng'aro uliokuwa ukinigonga jicho la kushoto kila nikiinua kichwa umekwisha.

1 Desemba

Wiki tano za vitambaa. Nimevilaza mezani mchana kweupe, nikamwita mdogo wangu na wateja wawili waliokuwepo waseme bila kuambiwa kipi kilikaa wapi. Wote walitaja kile cha kioo kitupu kuwa kimekufa rangi, hasa nyekundu. Kile cha nyuma ya tinti ya fedha kimepungua kidogo, unaona ukikilaza pembeni ya cha kabatini. Cha neti kimekaa siku tisa tu, hakihesabiki. Cha kabatini ni kipya.

Kwa hiyo amana za watu zinahitaji kabati lenye milango. Nimeagiza kwa seremala yuleyule. Rafu ya zamani nimeihamishia vifungo, zipu na majora ya bitana.

7 Desemba

Uamuzi, baada ya miezi miwili ya kuandika. Dirisha linalofunguka: bila tinti, neti ya nje. Chumba cha Mama: bila tinti, hela iende darini. Vile vioo viwili vidogo vya juu: tinti ya fedha. Vyenyewe havifunguki, neti ikiwa imekunjwa vinabaki wazi, na chini yake ndipo ninapotundika magauni yaliyokamilika yanayosubiri wenyewe. Eneo lote halifiki hata mita ya mraba moja. Fundi amenitoza shilingi 20,000 na hakuonyesha kuudhika kwamba kazi ya 420,000 imekuwa hiyo.

Nilimtazama akifanya. Kioo alikiosha mara tatu na kukikwangua kwa wembe, kwa sababu chembe moja ya mchanga wa barabara yetu inatosha kuacha kipele kitakachobaki milele. Akanyunyiza maji yenye matone ya sabuni ya maji, akaiteleza tinti mahali pake, akayasukuma maji kwa raba kutoka katikati kwenda pembeni. Kingoni aliacha upenyo mwembamba kama unene wa kucha, ili tinti isiguse fremu ikaanza kubanduka. Kuna ukungu na viputo vidogo vya maji. Amesema visiguswe, vitakauka vyenyewe ndani ya wiki chache, na nisioshe kwa dawa ya vioo yenye amonia.

Alitaja pia kwamba kioo kikivunjika tinti inashika vipande visitawanyike. Nilikumbuka Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokuwa baharini na sisi Mtwara tukaambiwa tukimbilie mahali salama, kabla hakijapiga kaskazini ya Msumbiji. Siku ile nilikaa na watoto mbali na vioo vyote. Lakini alisema mwenyewe kwamba kwa kazi hiyo ipo tinti nene maalumu, hii nyembamba isitegemewe.

21 Desemba

Leo saa 11 jua limepenya. Halikupita chini ya neti wala juu, limepita ubavuni, upande wa kushoto nikiwa ndani, na mstari mwembamba wa moto ukalala kwenye meza ya kukatia. Nilitoka nje kutazama. Desemba jua limekwenda kusini kabisa na halitui magharibi kamili, linatua limeegemea kusini. Juni litaegemea kaskazini kiasi hichohicho. Fremu yangu niliipima Novemba kwa jua la Novemba.

Nimeshona mabawa mawili ya neti, kila moja upana sentimita 50, kuziba nafasi kati ya fremu na ukuta pande zote mbili. Yamefungwa kwa kamba, si misumari, ili yafunguliwe upepo ukiwa mkali.

4 Januari

Mvua zimekaa sawa. Neti imepigwa na dhoruba mbili, ushonaji umeshika, bawaba moja imeanza kutu.

Hela iliyobaki imekwenda chumbani kwa Mama. Fundi mwashi ametoboa ukuta wa pembetatu chini ya paa, upande wa mashariki na wa magharibi, akaweka tofali za matundu na wavu wa chuma kwa ajili ya popo. Sasa hewa ya moto iliyokuwa imefungiwa kati ya bati na dari ina njia ya kuingia na kutoka. Nilitaka pia bati lipakwe rangi nyeupe, maana nyekundu inameza jua na nyeupe inalirudisha, lakini rangi ya paa zima imenishinda mwaka huu. Itasubiri korosho zijazo.

Nimepanda mwarobaini mita nne kutoka ukuta wa magharibi. Kwa sasa unanifika gotini.

11 Januari

Siku ya jua kali, bila wingu toka saa 4. Saa 10 alasiri nje 32. Ofisini 32 na nusu. Chumbani kwa Mama 32, dari nimelishika kwa kiganja nikahesabu hadi ishirini.

Mama amekula mchana, wali na samaki, akalala na mlango wazi. Nimemaliza suruali mbili na blauzi kabla ya adhana ya Magharibi. Vipimajoto vinabaki ukutani hadi jua lirudi utosini mwezi ujao.